Nimpigieje daktari saa nane usiku?

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na heshima wodini

SWALI: Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya, mwaka wa pili kazini. Nikimpigia daktari wa zamu usiku hunijibu kwa ukali, "Kwa hiyo unataka nifanye nini?" Wakati mwingine hukata simu. Sasa naogopa kupiga, na wenzangu husubiri mpaka hali ya mgonjwa iwe mbaya kabisa. Nifanyeje?
Mkunga, Morogoro

JIBU: Ukali ni kosa la daktari, tutalifikia. Lakini swali lenyewe linastahili jibu: unataka afanye nini? Wauguzi wengi wamezoea kuzungukazunguka. Hupiga na kusema, "Samahani dokta, yule mama wa kitanda cha sita simwelewi," wakitumaini daktari atamalizia mwenyewe. Mwaka 1967 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika juu ya tabia hii: muuguzi anajua la kufanya, ila hulipenyeza kwa namna ambayo daktari ataliona kuwa ni wazo lake. Mchana, wakiwa wanatazamana, huenda wakaelewana. Usiku, kwa simu, mtu aliyekurupuka usingizini haambulii kitu.

Kabla ya kupiga, shika faili mkononi pamoja na vipimo ulivyochukua wewe mwenyewe muda huohuo, si vya zamu ya jioni: presha, mapigo ya moyo, upumuaji, joto, mkojo. Kisha sema mambo manne kwa mpangilio: hali ilivyo, historia kwa ufupi, unavyoiona wewe, unachoomba. Wengi mmefundishwa mpangilio huu chuoni kwa jina la SBAR (herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya mambo hayo manne), ila ukifika wodini unasahaulika. Unasikika hivi:

"Dokta, ni Sista fulani, wodi ya wazazi. Nina mama wa miaka 22, presha 170/115, nimerudia baada ya dakika 15 iko palepale. Kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu. Ni mimba ya kwanza, wiki 36, alipokelewa jioni akiwa na 140/90, na mkojo sasa una protini alama tatu. Naona anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Mshipa uko wazi, magnesiamu na hidralazini ziko tayari. Naomba nianze dozi ya kwanza, na naomba uje sasa hivi."

(Magnesiamu ni ya kuzuia degedege, hidralazini ya kushusha presha.) Hayo yote hayamalizi dakika moja. "Samahani kwa kukusumbua" haimo, na isiwemo. Kuamshwa kwa ajili ya mgonjwa ndiyo zamu yenyewe.

Akikupa maelekezo, mrudishie neno kwa neno: "Magnesiamu gramu 4 mshipani, taratibu kwa dakika 5, kisha gramu 5 kila tako, ni sahihi?" Gramu na miligramu hupotea kirahisi kwenye simu yenye mtandao mbovu. Andika saa, jina lake na alichosema, akifika asaini. Kuandika "daktari ametaarifiwa" tu hakutoshi. Ametaarifiwa nini, saa ngapi, akajibu nini? Siku faili likifunguliwa kwenye kikao cha vifo vya uzazi, maneno hayo mawili hayamlindi mtu yeyote.

Akikata simu, piga tena palepale. Asipopokea, mpigie anayefuata kwenye orodha ya zamu, na umjulishe muuguzi msimamizi wa zamu hiyo. Huko si kumchongea mtu. Orodha iliwekwa kwa kazi hiyo. Na mama akianza degedege, usishike simu kwanza: mlaze ubavu, safisha njia ya hewa, mpe oksijeni, anza dawa kwa mwongozo wa wodi. Mwenzako ndiye apige.

Sasa ule ukali. Mkute asubuhi faraghani, mweleze tukio bila kumhukumu tabia: "Dokta, jana saa nane ulikata simu kabla sijataja presha. Naomba nikipiga unisikilize mpaka nimalize." Likijirudia, mwambie inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, yeye atalifikisha kwa Muuguzi Mfawidhi, ambaye atazungumza na Mganga Mfawidhi. Usirukie juu, wala usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp la wodi. Likifika huko linakuwa ugomvi, na daktari atajitetea badala ya kujirekebisha.

SWALI: Daktari akiandika dawa ninayoona ina kosa, nikikataa naonekana sina adabu. Nikitoa, roho inanidunda.
Muuguzi, Tanga

JIBU: Leseni yako umeipata kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, hukupewa na daktari. Dawa ikishapita kwenye bomba la sindano uliloshika wewe, "niliagizwa" haikuvui dhamana.

Chukua potasiamu kloridi. Daktari aliyechoka anaandika "20 mmol IV", yaani milimoli 20 mshipani, bila kutaja dripu. Ukiisukuma moja kwa moja mshipani, moyo unaweza kusimama hapohapo. Lazima ichanganywe kwenye dripu na kuingia polepole. Kwa kawaida wodini haizidi mmol 10 kwa saa. Au magnesiamu ya kurudia: kabla ya kila dozi mama awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, unasimamisha dozi na kumwita daktari, na kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kukabili magnesiamu iliyozidi mwilini, inakuwa karibu. Hapo hujamkaidi mtu. Mwongozo wenyewe ndio uliosema simama.

Namna ya kusema: msogeze pembeni ya kitanda, "Dokta, naomba tuitazame pamoja dozi hii." Akishikilia, "Nina wasiwasi, kwa sababu kadha." Akizidi kushikilia, "Hii sitaitoa, si salama kwa mgonjwa. Naomba tumuulize bingwa." Sauti ileile, maneno mazito zaidi kila hatua. Njia mbaya kuliko zote ni kuiacha dawa kimyakimya. Daktari ataamini imeingia, ataona mgonjwa hapati nafuu, ataongeza dozi.

SWALI: Niko mafunzo kwa vitendo. Wauguzi wa umri wa mama yangu huniita "mwanangu" mbele ya wagonjwa. Nidai heshima vipi?
Daktari, Mbeya

JIBU: Anza na shikamoo kila asubuhi, cheo hakifuti umri. Kisha mwombe faraghani, "Mama, mbele ya wagonjwa naomba uniite dokta." Wengi watakubali bila kinyongo.

Baada ya hapo watakupima kwa kazi. Andika dawa kamili: jina, kiasi, njia, mara ngapi, saini, usiandike "endelea na zilezile". Kwenye raundi, muulize muuguzi kabla hujafungua faili, maana yeye ndiye aliyekesha na mgonjwa. Na ncha kali atupe aliyezitumia, kwenye kisanduku kisichojaa kuzidi robo tatu. Sindano uliyoiacha chini ya gozi kwenye trei itamchoma anayesafisha, na yeye ndiye atakayekimbilia dawa za kinga ya VVU kabla ya saa 72 na kuzimeza siku 28. Ukimaliza kutoa maji ya uti wa mgongo, hesabu sindano zako kabla ya kuvua glavu.