Maswali ya wasomaji: kazi ya mchoraji wa vitabu, siku hadi siku

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimeuliza juu ya kazi ya kuchora picha za vitabu na magazeti. Nimechagua nne na kuzijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila swali.

*Ndugu mchoraji, nimemaliza kidato cha sita na ninaishi Morogoro. Kila jioni huchora watu kwa kuangalia picha zilizomo kwenye simu yangu. Sura zinafanana vizuri, lakini miili imekakamaa. Naomba kujua siku ya mchoraji huwaje, na nifanye nini ili watu wangu waonekane wako hai. – Msomaji, Morogoro*

Kijana wangu, picha ya simu imekwisha kukuamulia mambo mengi kabla hujashika penseli. Imechagua pembe ya kutazamia, imeusimamisha mwendo, na imeamua kipi kiwe mbele na kipi kiwe nyuma. Wewe unabaki kunakili uamuzi wa mtu mwingine, na mkono wako unapata mazoezi ambayo jicho lako halikuyapata.

Siku yangu huanza nje. Kabla jua halijawa kali, mimi hukaa pembeni mwa soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam, nikiwa na daftari dogo linaloenea kiganjani na penseli ya 2B, ambayo risasi yake ni laini kiasi cha kutoa mstari mweusi bila kuikandamiza karatasi. Watu wa sokoni hawakusubiri, na hiyo ndiyo faida yao kubwa. Mchukuzi mwenye tenga la samaki begani hupita mbele yako kwa muda usiotosha hata kumchorea kandambili, kwa hiyo huna budi kuchagua jambo moja tu kuhusu yeye na kuliacha lingine lote. Mimi huchagua uzito. Natazama mguu upi umeubeba mwili, kisha navuta mstari mmoja kutoka shingoni hadi kwenye unyayo huo. Mtu aliyesimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo hushuka, na ukiyapata hayo mawili mtu wako atasimama hata kama hujamchorea uso. Mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji ana sheria nyingine: kichwa na shingo vimetulia, macho yanatazama mbele, na mwendo wote umehamia kiunoni na magotini. Anayepara samaki ameinama, viwiko vyake viko karibu na mbavu, na nguvu yake yote iko katika vifundo vya mikono. Wanaoanza wengi huanzia machoni, wakashuka mdomoni, na wanapofika miguuni karatasi imekwisha na mwili umebanwa; nadhani ukakamavu unaoulalamikia unatoka huko. Kwa mwezi mmoja acha nyuso wazi kabisa.

Lipo pia suala la adabu, nami nalihesabu kuwa sehemu ya ufundi. Ukikaa mahali pa watu, salimia kwanza, mpe shikamoo anayestahili shikamoo, na useme unachofanya. Akitokea mtu asiyependa kuchorwa, funga daftari bila kubishana naye. Atakayeomba kuona alichochorwa, mwonyeshe, hata kama mchoro haujakaa sawa, kwa sababu watu wa kazi ni wakosoaji wazuri mno wa picha za kazi yao, na mvuvi atakuonyesha mara moja kamba uliyoifunga pasipofungwa.

Kutazama kwa namna hii hukukusanyia elimu ambayo huwezi kuibuni ukiwa mezani. Mlingoti wa jahazi umeinama kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, na tanga lake huning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mshazari. Akichora mtu asiyewahi kuliangalia, huusimamisha mlingoti wima na kulitundika tanga la mraba, na mtoto wa Kilwa au Lamu anayekifungua kitabu hicho hujua papo hapo kwamba aliyemchorea hakufika kwao. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ina namna yake: mkunaji huikalia, chuma chenye meno kimechomoza mbele yake, kifuu kinazungushwa kwa mikono miwili, na sinia liko chini kupokea nazi iliyokunwa. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji, yaani uwanja wake wa katikati, na ina jina, yaani maneno yake, yaliyopangwa sambamba na upande mrefu, kwa hiyo huwezi kuyamwaga popote unapotaka kujaza nafasi. Mimi naona uchungu kila ninapokutana na kitabu cha watoto wetu ambamo kanga imegeuzwa kitambaa chochote chenye maua.

Mchana ni wa mezani. Hapo ndipo michoro ya daftari hugeuzwa kuwa picha za kazi niliyopewa, wino hupita juu ya penseli, na barua za mhariri hujibiwa. Rangi naipaka mchana tu, karibu na dirisha, kwa sababu mwanga wa balbu nyingi una unjano unaobadilisha kila kitu, na buluu uliyoipenda usiku itakushangaza asubuhi. Wakati wa masika unyevu wa pwani huifanya karatasi nyepesi ijikunje na rangi ya maji ichelewe kukauka, ndiyo maana natumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba kwa picha za mwisho, ingawa majaribio yote nayafanya kwenye karatasi ya kawaida ya kutolea fotokopi. Jioni sichori kwa ajili ya mtu yeyote. Napitia daftari la siku hiyo, naandika pembeni mwa kila mchoro mahali na saa, na kuweka alama kwenye ile mitatu au minne ambayo huenda nikaihitaji baadaye.

Wewe unalo Soko Kuu la Chifu Kingalu, una kituo cha mabasi, na una mafundi baiskeli kandokando ya barabara. Anza na fundi baiskeli, kwa kuwa anarudia mkao ule ule mara nyingi, na ukiukosa sasa utaupata tena muda si mrefu.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Mchapishaji mmoja amenipa mswada wa hadithi ya watoto, kitabu cha kurasa 24, ili niuchoree picha. Sijawahi kufanya kazi ya namna hii. Nianzie wapi? – Mwalimu, Nakuru*

Mwalimu, anza kwa kuusoma mswada bila penseli mkononi, kisha usome tena kwa sauti, kama unavyowasomea wanafunzi wako, ukisikiliza mahali ambapo wangekukatiza kwa maswali. Maswali hayo ndiyo yanayoomba picha. Mwandishi akisema kwamba mtoto alichelewa kurudi nyumbani, usiyarudie maneno yake kwa kuchora mtoto anayetembea. Chora kibatari kimekwisha kuwashwa, kuku wamekwisha kuingia bandani, na mama amesimama mlangoni akitazama njiani. Msomaji wako ambaye bado hajaweza kusoma atapata humo hadithi ambayo maneno hayakuisema, na kwa maoni yangu huyo ndiye mtu unayemfanyia kazi kuliko mchapishaji na kuliko mwandishi.

Kisha mwulize mchapishaji kama hizo kurasa 24 zinahesabu pia ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa ambayo baadaye hukunjwa, na kila mkunjo unaongeza kurasa maradufu, kutoka 4 kwenda 8 hadi 16. Ndiyo sababu vitabu vya picha huwa na kurasa 16, 24 (yaani 16 na 8) au 32, na huwezi kuomba ukurasa mmoja wa ziada mwishoni kwa kuwa hadithi imekuzidi. Ukishaondoa kurasa za mwanzo, huenda hadithi ikabakiwa na 21 au 22.

Ukijua idadi, chukua karatasi moja kubwa na uigawe katika visanduku vidogo, kila kurasa mbili zinazotazamana zikiwa pamoja, na ndani ya visanduku hivyo upange kitabu kizima kwa michoro midogo isiyozidi ukubwa wa stempu. Katika udogo huo huwezi kushughulikia kope wala vifungo vya shati, na unalazimika kuona mambo makubwa: je, umemchora mtoto wa ukubwa ule ule katika kurasa sita mfululizo? Je, kuna ukurasa ambao tunaona kijiji kizima kwa mbali, kisha mwingine ambao tunaona mkono peke yake? Kumbuka kwamba kurasa zenye namba witiri huwa upande wa kulia. Jambo la kutia hofu au hamu liweke kulia, na jibu lake liwe nyuma ya ukurasa huo, ili mtoto afunue mwenyewe kwa mkono wake. Sidhani kama kuna furaha kubwa zaidi ndani ya kitabu cha picha kuliko ile ya kufunua. Na usimweke mtu yeyote katikati kabisa, kwenye mkunjo, kwa maana kitabu kikishabanwa pini au kushonwa, uso wake utamezwa.

Baada ya hapo mchore mhusika wako mkuu peke yake, mbele, ubavuni na mgongoni, akiwa amekaa, akikimbia na akiwa amelala. Mtu mzima ana urefu wa takriban vichwa vyake saba na nusu, ilhali mtoto wa miaka mitano au sita ana kati ya vitano na sita. Ukimpunguza tu mtu mzima, hupati mtoto, unapata mtu mzima mfupi. Karatasi hiyo ibandike ukutani mpaka kazi iishe, kwa sababu watoto hugundua haraka sana kama kovu la gotini limehama mguu. Kuhusu mambo ya kiwanda: picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, skana iwe ya nukta 300 kwa inchi au zaidi, na usiamini sana buluu na kijani kinachong'aa kwenye kioo cha kompyuta, kwani mtambo unachanganya wino wa rangi nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi, nao hauwezi kuufikia mng'ao wa kioo.

*Mwanangu ana miaka kumi na mmoja na hunakili katuni za Kijapani tangu asubuhi hadi usiku. Sasa anataka nimnunulie tableti ya kuchorea. Je, kunakili kutamharibu, na je, bila kifaa hicho atabaki nyuma? – Mama mzazi, Tanga*

Mama, mwache anakili. Kunakili humfundisha namna mstari unavyopinda na namna wino unavyonenepa na kukonda, na hakuna mchoraji ninayemfahamu ambaye hakupitia huko. Kazi yako ni kumwongezea vya kunakili. Mtafutie magazeti ya zamani yenye Juha Kalulu, ambaye Edward Gitau alimchora kwa miongo mingi katika Taifa Leo ya Kenya, na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Aone jinsi watu wa mitaa yetu wanavyovaa, wanavyokaa kibarazani na wanavyokasirika kwa kalamu na wino mweusi tu. Kisha mwombe amchore bibi yake akiwa amekaa mbele yake, bila picha ya kuigia.

Tableti ni chombo kizuri, hasa kwa masahihisho, lakini ni ghali, nayo haimfundishi mtu kutazama. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, vitu alivyoweza kuvipata, na mtindo wake unaendelezwa hadi leo. Kwa sasa mnunulie mwanao daftari nene lisilo na mistari, penseli za HB, 2B na 4B, pamoja na kifutio laini.

*Kampuni moja imenitaka niichoree picha ishirini za kitabu cha shule. Inanipa malipo ya mara moja, hakuna karatasi yoyote tuliyoandikiana, na inataka nikabidhi michoro halisi. Nifanye nini? – Mchoraji, Mombasa*

Ndugu yangu, usikabidhi chochote kabla ya kuandikiana. Wengi huamini kwamba aliyechora ndiye mwenye picha daima, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale ambapo wahusika wamekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukimya unamfaa mwagizaji. Ukitaka picha zako zitumike katika toleo hili pekee, au ulipwe tena zikihamishiwa kwenye mabango na fulana, ni lazima maneno hayo yawepo kwenye mkataba. Haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye mchoraji, na ya kupinga picha yako kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima, sheria inakuachia hata baada ya hakimiliki kuhama, kwa hiyo dai jina lako lichapwe ndani ya kitabu.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha, na usiiachie kampuni peke yake kuuandika. Utaje idadi ya picha na ukubwa wake, matumizi yanayoruhusiwa, tarehe ya kukabidhi michoro ya penseli na ile ya kukabidhi picha kamili, na sehemu ya malipo itakayotolewa kabla hujaanza. Mimi huomba theluthi moja. Utaje pia ni mara ngapi utafanya masahihisho bila malipo ya ziada. Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia, kwani mhariri aliyeidhinisha mchoro wa penseli akibadili nia baada ya rangi kukauka, huna budi kuchora upya, na bila mkataba siku hizo zote ni hasara yako. Ukiwahi kufanya kazi Tanzania Bara, sheria inayohusika huko ni ile ya hakimiliki ya mwaka 1999, na ofisi yake ni COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Kuhusu michoro halisi, wape nakala zilizoskaniwa na karatasi zibaki kwako. Kitabu kinachapwa kutokana na faili, kwa hiyo kiwanda hakizihitaji karatasi zenyewe, na kama wanazitaka kwa ajili ya kuzitundika ofisini, huo ni ununuzi mwingine wenye bei yake. Michoro yako ya awali iandike tarehe na uitunze pamoja, kwa sababu ukitokea ubishi itaonyesha hatua za kazi. Hakimiliki huanza kazi inapotengenezwa, wala haingojei kusajiliwa, lakini Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za sanaa na kutoa cheti, nacho ni ushahidi unaokubalika. Nenda na nakala za picha zote ishirini kabla kitabu hakijaingia sokoni.