Barua kwa mwanangu: kuzungumza na daktari kuhusu tumbo la mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza useme nini mbele ya daktari wa watoto, iwapo vipimo havikuonyesha kitu, yeye ametaja tatizo la utumbo unaosumbuka pasipo kidonda wala uvimbe (kwa Kiingereza hufupishwa IBS), na mtoto bado anajikunja kwa maumivu kila asubuhi ya shule.

Usiseme tu kwamba mtoto anaumwa tumbo, ukaishia hapo. Chukua daftari uandike siku na saa ya maumivu, mahali anapoweka kidole ukimwuliza panapouma, kama yanapungua au yanazidi akitoka chooni, na choo chenyewe kilivyokuwa: kigumu kama cha mbuzi, laini, au maji matupu. Usione haya kuyataja hayo, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha tatizo hili. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, yaani orodha ya dalili za kulitambua tatizo hili, ambavyo madaktari wengi huvifuata, vinataka maumivu yawepo angalau siku 4 kwa mwezi, kwa miezi 2 au zaidi, yakiambatana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo. Na hayo daktari atayapata kwako na kwa mtoto.

Yapo mambo ya kutaja hata asipouliza: damu kwenye choo, kupungua uzito, kutorefuka, homa za mara kwa mara, kutapika mfululizo, au maumivu na kuharisha kunakomwamsha usiku. Mojawapo likiwepo, mwombe achunguze zaidi. Nenda na kadi ya kliniki ili aone uzito ulivyokwenda.

Mtajie pia dawa zote alizokwisha meza. Huku kwetu mtoto akishika tumbo huandikiwa metronidazo ya amiba hata kabla choo chake hakijapimwa, na mimi sikubaliani na desturi hiyo. Akiandikiwa tena, mwulize daktari kwa heshima kipimo cha choo kimeonyesha nini.

Akigusia hofu ya mitihani au ya walimu, usidhani anamwita mtoto mwongo. Utumbo na ubongo hupashana habari kwa mishipa ya fahamu, na kwa watoto wa namna hii mishipa hiyo huwa myepesi kuhisi, hata gesi ya kawaida ikawauma kweli. Mwache mjukuu wangu ajibu mwenyewe; tafadhali usimkatize, hata akichelewa kupata maneno.

Kuhusu chakula, usimwondolee maziwa, maharage na ngano kwa mpigo, maana bado anakua; omba kwanza upelekwe kwa mtaalamu wa lishe. Na kabla hamjatoka, mwombe daktari tarehe ya kurudi, pamoja na barua fupi kwa mwalimu wa darasa, ili mtoto aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Nakuombea heri.

Mama yako