Baba ana kitambulisho cha wazee. Bado anahitaji bima?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi. Baba yangu ana miaka 71, anaishi kijijini Newala na mama mwenye miaka 66, na wanalea wajukuu watatu. Baba ana shinikizo la damu na kisukari. Ana kitambulisho cha wazee cha matibabu bure, lakini karibu kila akienda zahanati anaambiwa dawa hakuna, akanunue. Mama jicho moja limeingia ukungu na hana kitambulisho chochote. Watu wa CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, wamepita kijijini. Kadi yangu ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ina mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni afisa ugani, naye ana kadi yake. Mama mkwe ni muuguzi mstaafu, kadi yake iligoma baada ya kustaafu na anaomba tumwingize kwetu. Nimebakiwa na nafasi moja. Nimweke nani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nafasi mnazo zaidi ya hiyo moja, nitakuonyesha zilipo. Lakini nianze na kitambulisho cha baba, maana hapo ndipo wazee wengi wa huku kwetu kusini wanapoumia bila kuelewa sababu.

Kitambulisho kile ni msamaha, si bima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na serikali inataka mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Kwa hiyo baba akifika zahanati hadaiwi hela ya kumwona mganga, ya kipimo, wala ya dawa iliyopo kwenye kabati. Kinachomkwamisha ni kabati lenyewe. Kituo hununua dawa kwa fedha inazopewa na serikali pamoja na makusanyo yake, yaani hela za papo kwa papo na malipo ya bima. MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, wakikosa dawa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, nako kunahitaji fedha mkononi. Mgonjwa wa bima akitibiwa, kituo kinapeleka madai na kulipwa. Mgonjwa wa msamaha akitibiwa, hakuna anayerudisha gharama ile. Zahanati yenye wazee wengi wa msamaha na wanachama wachache wa bima huishiwa mapema, na wa kwanza kusikia "dawa hakuna" ni wagonjwa wa kudumu kama baba, wanaohitaji vidonge kila mwezi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mganga wa zahanati ndiye anayelaumiwa wakati mara nyingi hana la kufanya.

Hata hivyo kitambulisho hicho msikitupe, na mama naye apatiwe cha kwake. Utambuzi unaanzia serikali ya kijiji, jina linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, halmashauri ndiyo inayotoa. Hakiuzwi. Mtu akitaka "hela ya picha" au "hela ya fomu", mripoti kwa mtendaji. Na kumbukeni kwamba msamaha huu ni wa vituo vya umma. Hospitali za kanisa kama Ndanda au Nyangao zinategemea makubaliano yake na halmashauri, kwa hiyo ulizeni kabla mzee hajapanda gari. Nimeona mzee anauza kuku wa nauli, akifika kaunta anaambiwa alipe.

Sasa CHF. Tangu ilipoboreshwa mwaka 2018, mikoani kaya ya watu wasiozidi sita ilipangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Huduma zinaanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa barua ya rufaa mzee anafika hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwenu ni Ligula na kwa jirani zetu wa Lindi ni Sokoine. Hapo ndipo inapokomea. Akihitaji Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, au Muhimbili, CHF haimfikishi. Nyumba ya wazazi wako ni kaya inayojitegemea yenye watu watano, wajukuu wakiwemo, kwa hiyo malipo ya mara moja yanawatosha wote. Kwa wale wajukuu ningeilipa bila kusita, na wakati wake ni msimu wa minada ya korosho, malipo yakiingia benki. Ikifika masika hela hiyo haipo tena.

Ila kwa baba mwenye kisukari na presha kwa pamoja, CHF peke yake isikuridhishe. Magonjwa haya mawili yakikaa pamoja miaka mingi hushambulia figo, macho, moyo na miguu. Siku moja atahitaji daktari bingwa na vipimo ambavyo hospitali ya wilaya haina. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuingia NHIF.

Mwanachama mchangiaji wa NHIF anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3. Kwa mchango huo wanatibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi wanne, na wazazi wa pande zote mbili wanaruhusiwa kuwa wategemezi. Angalia sasa nyumba yenu: wewe unakatwa na mumeo anakatwa, lakini watoto wote watatu wamekalia kadi yako. Wahamishieni kwa baba yao. Mtoto hakai kwenye kadi mbili, hivyo watolewe kwako kwanza ndipo waandikwe kwake, na mfanye hivyo wakati wote ni wazima ili asipatikane anayeugua katikati ya zoezi. Baada ya hapo wewe una nafasi nne za wategemezi. Baba na mama wanaingia wote, na mbili zinabaki.

Kwa baba, faida haiishii kwenye dawa. Kituo kinachomhudumia kinalipwa, na dawa ikikosekana dirishani anaweza kuandikiwa akachukue kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko, badala ya kutoa hela mfukoni. Akiwa Newala, muulizie duka gani limesajiliwa kabla ya kuhitaji. Ndanda nako wanapokea NHIF. Pamoja na hayo, asiruke ngazi: kama si dharura, aanzie karibu na kwake na aende juu na barua ya rufaa. Wazee wetu hupenda kukimbilia hospitali kubwa moja kwa moja, kisha wanarudishwa na kudhani bima imewadanganya.

Jicho la mama lisisubiri. Ukungu kwa umri wake mara nyingi ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake ni mfupi na unarudisha uwezo wa kuona. Lakini ukungu unaweza pia kuwa presha ya jicho, na uono uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Apimwe sasa hivi hospitali ya wilaya, hata kabla kadi haijatoka.

Mama mkwe msimpe nafasi yenu kwanza. Mwanachama aliyestaafu akiwa mchangiaji anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Kadi yake iligoma kwa sababu ile ya kazini husimama michango ya mshahara inapokoma, na hapo mstaafu anatakiwa asajiliwe upya kama mstaafu. Wengi hawaambiwi, wanakaa na kadi iliyokufa wakiamini haki imekwisha. Aende ofisi ya NHIF Mtwara mjini na barua ya kustaafu, kitambulisho cha NIDA na kadi yake ya zamani, wakague kumbukumbu zake za uchangiaji. Mumeo amwingize kwenye nafasi yake iliyobaki endapo tu kumbukumbu hizo zina tatizo. Nawe ujue mapema kwamba ukistaafu, wazazi hawataendelea kuwa kwenye kadi yako. Inabaki yako na mwenza.

Utasikia pia habari ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Inataka kila mkazi awe kwenye skimu ya bima, na kwa wasio na uwezo inaweka utaratibu wa kutambuliwa na kulipiwa na serikali. Kwa hiyo kijijini wakiitisha utambuzi wa kaya, wazee wajitokeze na majina yao yaandikwe. Mwandikishaji yeyote akija, mwulizeni anaandikisha skimu gani, inafika hospitali ipi, na risiti iko wapi.

Mwisho ni nyaraka, na hapa ndipo utakapohangaika. Kumwingiza mzazi kunahitaji cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake, likilingana na NIDA yake. Huku kwetu baba mmoja ni Mohamedi kwenye cheti cha mtoto, Muhamadi kwenye NIDA na Mohamed kwenye kadi ya kliniki. Weka karatasi zote mezani uzilinganishe herufi kwa herufi. Zikitofautiana, anza na kiapo cha majina kwa wakili au mahakamani, ndipo uende kwa afisa utumishi wa halmashauri yako na fomu. Wiki hizo za kusubiri, mnunulie baba vidonge vyake vya mwezi mzima, asikatishe hata siku moja.