Barua elfu moja zinazofanana ni hoja moja tu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Missoula, Montana, na huu ni msimu wangu wa tatu wa kuendesha pikipiki ya theluji. Msitu wa taifa tunaoendesha unapitia upya mpango wake wa njia za majira ya baridi, na tunaogopa mabonde ya juu yatafungwa. Kuna jamaa anauza barua kwa dola 20: “Tumeendesha hapa tangu miaka ya 70, ni haki yetu.” Anasema tukifika elfu moja hawawezi kufunga. Anatoa pia njia zake za GPS za upande uliokwisha kufungwa, maana hakuna kibao. Nisaini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usimpe hata senti. Barua za namna hiyo naletewa kila mwaka, na sijaona hata moja iliyookoa bonde.

Hiyo “tangu miaka ya 70” ndiyo inayoniumiza zaidi. Mwaka 1977 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kuhusu baadhi ya maeneo ya Montana yaliyokuwa yakichunguzwa kama yanafaa kuwa pori la kudumu, ikaagiza hali yake ya pori ya mwaka ule itunzwe. Sasa fikiria mashine za wakati huo. Mzee mmoja aliwahi kunipandisha yake: mkanda wa mpira unaoisukuma ulikuwa mwembamba, meno yake mafupi kuliko kucha ya kidole gumba. Tulipoacha barabara iliyoshindiliwa haikwenda mita kumi, ikazama hadi kwenye kiti, tukashika koleo. Mashine nyingi za milimani za leo zina mkanda wenye urefu wa zaidi ya inchi 150 na meno ya karibu inchi 3, zinapanda hadi kileleni kwenye theluji laini. Kwa hiyo ukitaja miaka ya 70 kwenye eneo la namna hiyo, umemkumbusha ofisa wa msitu kwamba zamani mliishia chini ya mlima. Katika msitu wa Bitterroot, mpango wa 2016 ulifunga maeneo ya Blue Joint na Sapphire, yaliyomo kwenye sheria ile ya 1977, kwa vyombo vya injini, ukongwe wa waendeshaji usisaidie kitu.

Halafu maoni ya umma si kura. Barua zinazofanana hufungwa pamoja na kujibiwa mara moja. Ofisa anapaswa kuonyesha amepunguza madhara kwa wanyamapori na migongano na watumiaji wengine. Wolverini, ndugu wa nyegere anayezaa ndani ya theluji nzito ya milimani, aliwekwa mwaka 2023 kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Mwambie ofisa kitu anachoweza kuchora: mpaka ufuate ukingo gani wa mlima unaoonekana hata kwenye ukungu, theluji inatosha kuanzia lini, maegesho yanajaa siku gani, mteremko upi mnaweza kuuacha majira ya baridi yakielekea kuisha.

Hizo njia za GPS zifute. Kwa kanuni ya misitu ya taifa ya 2015, msitu ukishatoa ramani yake ya vyombo vya theluji, pasipoonyeshwa kuwa wazi pamefungwa, kibao kiwepo kisiwepo. Faini inaweza kufika dola 5,000, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Na alama moja ya mkanda ikivuka mpaka huonekana vizuri kutoka angani. Picha yake huingia kwenye jalada, na mpango ujao ukiandikwa huwa ni ushahidi kwamba waendeshaji hawaheshimu mipaka, kwa hiyo bora eneo zima lifungwe. Wanaouza njia za mkato ndio wanaotufungia milima, na hawajali, kwa sababu hela yao wameshaipata.

Zaidi ya hapo, kwa kawaida pingamizi la baadaye dhidi ya mpango husikilizwa kwa yale tu uliyoandika wakati wa maoni. Mzee mwingine aliniletea daftari la misimu 30: tarehe, kina cha theluji, idadi ya mashine alizokutana nazo, yote kwa penseli, kurasa zimevimba kwa unyevu. Sijawahi kushika ushahidi mzuri kuliko ule. Lakini wakati wa maoni alikuwa amesaini barua ya kununua, daftari likabaki kwenye droo. Alipotaka kulitumia kwenye pingamizi, muda ulikuwa umepita, na ndani ya barua ile hapakuwa na neno hata moja kuhusu bonde lake.