Jani limekataa kugeuka bluu-nyeusi: kosa liko wapi?

Swali: Nafundisha Baiolojia Kidato cha Pili. Tulipima wanga kwenye majani ya mahindi tuliyoyachuma saa mbili asubuhi. Tuliyaweka moja kwa moja kwenye spiriti ya moto hadi yakapauka, tukadondoshea iodini, ambayo hugeuka bluu-nyeusi ikikuta wanga. Yamebaki rangi ya kahawia. Je, iodini imeharibika?

Jibu: Mwalimu, ipime kwanza iodini yenyewe. Dondoshea tone moja kwenye kipande cha kiazi. Kikigeuka bluu-nyeusi, iodini ni nzima. Ukitaka kutengeneza nyingine, yeyusha gramu 2 za potasiamu ayodaidi kwenye maji kidogo, tia gramu 1 ya iodini, koroga hadi iishe, kisha ongeza maji hadi mililita 100. Iodini peke yake haiyeyuki vizuri majini.

Ila mimi nashuku zaidi saa mliyochuma. Usiku mmea hula wanga uliotengenezwa mchana, kwa hiyo jani la asubuhi huwa karibu tupu. Chuma alasiri, baada ya jua la saa kadhaa. Na mahindi yaacheni: wanga wake hukaa zaidi kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo rangi huja kwa michirizi hafifu. Tumieni haibiskasi au majani ya maharage.

Hatua mliyoiruka ni ya maji. Jani lichemke majini dakika moja kabla ya spiriti. Hapo seli hufa, utando wake hupasuka, na iodini hupata njia ya kuingia. Kama kipindi chako ni cha asubuhi, chuma jana yake alasiri na ulichemshe papo hapo, maana vimeng'enya, yaani protini zinazovunja wanga, vikishakufa wanga hauliwi tena.

Spiriti isikutane na moto kamwe. Huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo maji yaliyotoka kuchemka yanatosha: zima jiko, sogeza mbali, ndipo utumbukize testitubu yenye jani na spiriti ndani ya maji hayo. Mvuke wake hushika moto haraka, na wanafunzi huwa wameinamia meza.

Jani likitoka huwa jeupe na kavu, linavunjika kama karatasi iliyoungua. Lichovye kwenye maji ya vuguvugu lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, liache lipoe kabisa. Iodini ikikutana na wanga wa moto, rangi ya bluu haitokei. Subiri dakika mbili hadi tatu ndipo usome.