Kabla hujalaumu kamera yako kwa picha za basketi

Juzi kijana mmoja wa Kakamega amenitumia meseji: "Kaka, nimeona ile picha yako ya kwenye bango. Ninunue kamera gani?" Nikacheka, halafu kicheko kikakatika, maana nilikumbuka gemu yangu ya kwanza hapa Kisumu.

Nilikuwa na Canon 2000D ya kuazima na ile lenzi inayokuja nayo, 18-55, ya kuvuta karibu na mbali. Kuanzia Jumatano nishatangaza kwa stetasi eti Jumamosi mpiga picha ni mimi. Nikaweka oto, kamera ijipange yenyewe, nikajua mambo shwari. Ukumbi ukiingia unauona una mwanga wa kutosha, kumbe ni macho yako yamezoea tu, kamera haizoei kitu. Mchezaji amesimama anapiga mtupo huru, flashi ikaruka yenyewe usoni mwake, akakosa, refa akanitolea macho na wamama wa chai pale mlangoni wakaangua kicheko. Nikazima flashi, na kutoka hapo kila mtu akawa moshi. Picha 412, zilizofaa 5, na hizo 5 ni za watu wamekaa benchi! Jioni kapteni anauliza kwa grupu "picha ziko wapi", nikanyamaza, kocha akaposti za simu. Bado inaniuma, sidanganyi.

Shida ilikuwa lenzi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la mwanga ni dogo), kwa hivyo shata, lile pazia la ndani ya kamera, inakaa wazi muda mrefu na mtu ashakimbia zake. Nikajinyima nikanunua 50mm f/1.8 ya mtumba, 11,000, ikaja na basi kutoka Nairobi. Hiyo inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ile nyingine. Siku hizi ni shata 1/640 ya sekunde, f/2, ISO 3200 (ndiyo inayoongeza mwanga wa picha), giza likizidi 6400. Chenga, vile vidoti vya ISO kubwa, zitakuwepo, ziache. Yenye chenga utaiposti, yenye ukungu utaifuta.

Fokasi weka AI Servo, ile inayozidi kumfuata mchezaji akikimbia, na ukae chini nyuma ya mstari wa mwisho, kando kidogo ya ringi, hapo unapata nyuso. (Miguu kunja. Senta wa kilo mia aliniangukia, lenzi ikapona, goti halikupona.)

Halafu kuna taa. Picha moja inatoka njano, inayofuata samawati, nikapeleka kamera kwa fundi akala 500 yangu ya kuipanguza vumbi. Kumbe stima yetu ni hertz 50, zile taa za zamani zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka inanasa kipande tu cha mpepeso. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, urekebishe rangi baadaye, na piga nyingi. Nyingi!

Nyinyi vijana mnapenda sana kuulizia kamera, hakuna anayeuliza nimekaa sakafuni Jumamosi ngapi bila kulipwa hata soda. Azima kamera, nunua lenzi, nenda kila gemu hata ya watoto wa shule, ujue mtu akitaka kuruka anaanza kushusha bega gani.

Lakini hilo bango, kijana wangu, timu ni ile ile ya kapteni yule, na jina langu hawakuliweka hata kwa herufi ndogo kule chini. Sasa niambie, ulijuaje ni yangu?