Maswali ya Wasomaji: Maonyo ya Kompaila, Niyazime au Niyatibu?

SWALI: Shikamoo dada. Kazini nimerithi maktaba ya C inayosoma mizani ya malori kupitia waya wa siriali. Iliandikwa enzi za mashine za biti 32 na mwenyewe ameshastaafu. Nimeijenga upya kwenye mfumo wa Debian 12 kwa kompaila ya GCC, nikaweka -Wall na -Wextra zinazowasha maonyo mengi, yakamwagika maonyo 143. Mwenzangu anasema niweke -w yanyamaze yote, mbona maktaba imefanya kazi miaka yote hiyo. Mimi nilifikiria nigeuze aina ya namba kila panapolalamikiwa. Mstari unaojirudia zaidi ni huu:

if (n < sizeof(kichwa)) return -1;

Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuutuma mstari wenyewe.

Hiyo n bila shaka inatoka kwenye read(), inayosoma data kutoka kwenye waya, na kichwa ni zile baiti za mwanzo wa kila ujumbe. Ikifaulu, read() hurudisha idadi ya baiti ilizosoma. Ikishindwa hurudisha -1. Nayo sizeof hutoa ukubwa wa kitu kwa baiti, tena kama namba isiyo na alama (aina iitwayo size_t), isiyoijua hasi kabisa. C ikizikutanisha, huigeuza yenye alama ifanane na mwenzake, na kwenye mashine yako ya biti 64 ile -1 inakuwa 18446744073709551615. Je, hiyo ni ndogo kuliko baiti chache za kichwa? Hata kidogo. Basi waya ukichomoka, programu inaamini imesoma data tele, inapita hapo na kuanza kutafsiri masalia yaliyomo kwenye kumbukumbu.

Ukiandika (size_t) mbele ya n, onyo litatoweka na kasoro itabaki palepale. Najua, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo kwenye maktaba ya mita za maji. Usiku mmoja kiunganishi cha waya kililegea. Hadi alfajiri programu iliandika kiwango kilekile, nusu tangi, huku tangi lenyewe likiwa limekauka. Tulihangaika siku mbili tukilaumu mita, kumbe kosa lilikuwa kwenye ule mstari niliounyamazisha kwa mkono wangu.

Andika hivi:

if (n < 0) return -1;
if ((size_t)n < sizeof(kichwa)) return -1;

Sasa kugeuza aina ni halali, maana umeshahakikisha kuwa n si hasi. Na kwa kuwa umefika hapo, tazama jambo jingine ambalo kompaila haikukuambia: siriali huleta baiti kidogo kidogo. Kupata baiti tano badala ya kumi na mbili si kosa, ni kwamba nyingine bado ziko njiani. Zungusha read() mpaka kichwa kitimie, na ikikatizwa na ishara, yaani errno ikiwa EINTR, ijaribu tena.

Hata hivyo, usianze na mstari huo. Tafuta kwanza maonyo yanayosema kitendakazi (function) kimetumika bila kutangazwa. Kwenye maktaba za zamani mara nyingi ni strdup, inayonakili maandishi na kurudisha anwani ya nakala. Ukijenga kwa -std=c99, yaani kwa kanuni kali za C ya 1999, faili la matangazo string.h huificha, na GCC yako hudhani inarudisha int, namba kamili ya biti 32. Anwani ya biti 64 inakatwa nusu. Kwenye biti 32 int na anwani zilikuwa na upana mmoja, ndiyo maana "imefanya kazi miaka yote". Mtu akiandika (char *)strdup(jina) hajatibu kitu, anwani bado inakatwa. Dawa ni kuweka #define _POSIX_C_SOURCE 200809L juu kabisa ya faili, kabla ya #include yoyote. GCC 14 ya mwaka 2024 imeshalifanya hili kuwa kosa, haijengi kabisa.

Mwambie mwenzako yaliyotokea Debian kwenyewe. Mwaka 2006 mistari ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche inayotengeneza funguo za siri, iliondolewa kwa sababu chombo cha ukaguzi kililalamika kuhusu kumbukumbu isiyojazwa. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza ubahatishaji. Kilichobaki kutofautisha funguo kilikuwa namba ya mchakato, yaani funguo 32,768 tu kwa kila aina ya mashine na ukubwa wa ufunguo. Iligunduliwa na Luciano Bello, ikatangazwa Mei 2008, na watu wakalazimika kutengeneza funguo zao upya.

Weka -Werror=implicit-function-declaration leo, inayogeuza maonyo ya vitendakazi visivyotangazwa kuwa makosa, umalize hayo kwanza. Kisha -Wsign-compare, yaani maonyo kama la ule mstari wako, faili moja moja, kila aina ya onyo na badiliko lake, ili kitu kikiharibika ujue kilianzia wapi. Na baada ya kila faili, washa mzani, chomoa waya kwa mkono programu ikiwa inasoma, uone inarudisha nini.